Dawa na Dua: Imani na Afya ya Mwili katika Historia ya Pwani na Bara

Lugha hutunza mambo ya kale hata pale ambapo wenye lugha wenyewe wameyasahau. Anayetaka kujua jinsi wasemaji wa Kiswahili walivyofikiri tangu zamani juu ya ugonjwa na kupona, hapana budi aanze na maneno wanayoyatumia kila siku. Dawa na dua ni maneno mawili yaliyotoka katika Kiarabu. Kwa sikio la Mswahili yanakaribiana mno, hata mwanafunzi hudhani kwamba yana shina moja. Sivyo, katika Kiarabu mashina yake ni mbalimbali. Dawa ni kitu cha kutibia, na dua ni wito, yaani maombi ya mja kwa Mola wake. Lakini katika maisha ya watu wa pwani ujirani wa maneno hayo si wa sauti tu, kwa maana mara nyingi mtu yule yule ndiye aliyetoa hiki na kusoma kile, katika chumba kimoja na kwa mgonjwa mmoja.

Maneno ya asili ya Kibantu yashuhudia jambo lilo hilo. Kitenzi ganga maana yake ni kutibu, na pia kufunga au kuunga kilichovunjika. Ndicho kilichomo katika mithali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kutokana nacho lapatikana neno mganga, ambalo jamaa zake waonekana katika lugha nyingi za Kibantu, tangu Kongo hadi nchi za kusini. Mganga wa kale alijua mizizi na majani, na pia alijua kusema na mizimu. Leo katika Tanzania daktari mwenye cheo cha juu katika huduma za afya huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, wala hakuna amdhaniaye kuwa hupiga ramli. Uzima nao ni afya na ni uhai. Na wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la maisha ya akhera hawakwenda mbali, wakasema uzima wa milele. Hata afya, neno la Kiarabu, kwa asili yake ni kusalimika na maovu, jambo ambalo mja humwomba Mungu.

Basi yaonekana kwamba lugha hii haikujenga ukuta kati ya dini na matibabu. Je, kukosekana kwa ukuta huo kumewafaa wagonjwa au kumewadhuru? Swali hili si la maneno matupu, kwa sababu ndani yake mna roho za watu. Historia ya pwani na ya bara yajibu kwamba kumefanya yote mawili, na kwamba ipo alama ya kuyapambanua.

Katika miji ya pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, matibabu yaliyojulikana sana kati ya yale yaliyotegemea Kitabu yalikuwa ni kombe. Mwalimu huandika aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani, kisha maandishi huoshwa kwa maji au kwa marashi ya waridi, na mgonjwa hunywa maji hayo. Neno lenyewe ni jina la chombo: kombe ni sahani kubwa, na kikombe ni chombo kidogo cha jamii yake. Pamoja na kombe ilikuwapo hirizi ya kuvaa shingoni au mkononi, na kisomo juu ya kichwa cha mgonjwa. Mambo hayo hayakumzuia mtu kwenda kwa mjuzi wa mizizi, wala kwa mkunga, wala kwa mpiga chuku aliyeumika damu.

Ipo pia elimu nyingine iliyokuja pamoja na Uislamu, nayo ni tiba ya vitabu. Tabibu wa Kiarabu alirithi elimu ya Wayunani, akaiongezea yake mwenyewe. Kitabu cha Qanun cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Elimu hiyo haikudai kuwa wahyi. Ilidai kuwa imetazama wagonjwa na kuona ni nini kiliwafaa. Na dini haikuipinga. Mapokeo ya Mtume yahimiza watu watafute dawa, kwa kuwa kila maradhi yana dawa yake. Na juu ya tauni yaamuru kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni, wala asitoke humo kwa kuikimbia. Khalifa Umar aliishika amri hiyo wakati wa tauni ya Amwas, yapata mwaka 639, aliporudi njiani asiingie Shamu pamoja na watu wake.

Hata hivyo wanazuoni wa Kiislamu wenyewe walihitilafiana juu ya mpaka. Ibn Qayyim al-Jawziyya, aliyefariki mwaka 1350, alikusanya mapokeo ya matibabu katika kitabu kizima cha tiba ya Mtume. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alikuwa na rai nyingine. Kwake yeye, dawa zilizotajwa katika mapokeo hayo zilikuwa ni desturi za Waarabu wa jangwani wala si sehemu ya wahyi, kwa maana Mtume alitumwa kufundisha sheria, hakutumwa kufundisha utabibu. Lakini hakukataa kwamba mtu azitumiaye kwa kutafuta baraka, na kwa imani ya kweli, huenda akapata manufaa. Rai hiyo yastahili kukumbukwa, kwa sababu yatenga mambo mawili bila ya kulitukana hata moja: baraka ina mlango wake, na utabibu una mlango wake.

Katika karne ya 19 walikuja watu wa dini nyingine, nao walifundishwa jambo lilo hilo kwa uchungu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika Julai ya mwaka huo mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akafariki vilevile. Krapf mwenyewe aliugua, akapona, akaendelea kujifunza lugha. Na kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1882 baada ya yeye kufa, bado ni hazina kwa kila mwenye kuchunguza maneno ya maradhi na ya uganga kama yalivyosemwa katika Mombasa ya zamani.

Upande wa kusini, Askofu Charles Mackenzie, wa kwanza wa Universities' Mission to Central Africa, alikuwa katika bonde la mto Shire. Mtumbwi wake ulipopinduka, dawa zote zilizama majini, kwinini ikiwa miongoni mwake. Alifariki kwa homa tarehe 31 Januari, 1862, pale Ruo inapoingia Shire. Wala haikuwa kwamba kwinini haijulikani. Gome la mti wake lilipata kuenea Ulaya katika karne ya 17 kwa mikono ya Majesuti, na Livingstone alikuwa akitengeneza vidonge vyenye kwinini ndani yake katika safari zake. Askofu hakupungukiwa na imani. Alipungukiwa na kwinini. Wenzake waliielewa ajali hiyo. Misheni ilihamia Unguja mwaka 1864, na kutoka huko Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870.

Vifo vya namna hiyo ndivyo vilivyomfanya Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la White Fathers, kufikiri shauri jipya. Aliona kwamba Wazungu wanakufa upesi katika Afrika, na kwamba watu wa nchi hawana sababu ya kumwamini mgeni awapaye dawa asiyoweza kuieleza kwa lugha yao. Basi alitaka vijana Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani wafundishwe utabibu, kisha wapelekwe bara kuishi maisha yao yote, wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Mwaka 1881 chuo chao kilianzishwa katika kisiwa cha Malta.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu. Aliibwa na wafanya biashara ya watumwa akiwa bado mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria mapadre wakamkomboa kwa fedha. Akasoma huko, kisha akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 wakawakabidhi mapadre mwaka 1885. Hapo alimwoa Agnes Wansabira, binti wa jamaa ya kichifu ya Wabende. Na mwana wao akawa padre. Hapo alitibu watu kwa miaka 67, akafariki mwaka 1956.

Yafaa kutafakari alivyokuwa akisimama mtu huyo mbele ya mgonjwa. Hakuwa mwenyeji kwa kuzaliwa; alikuwa mgeni kama Mzungu, tena aliyetoka mbali zaidi ya wengi. Lakini aliishi na watu, akaoa kwao, akasema lugha yao, akazeeka nao. Kwa jamaa za mkewe, mtu anayeponya na kuombea si jambo geni, kwa kuwa mganga wao aliyafanya yote mawili tangu zamani. Bila shaka imani ya watu ilimfungulia mlango ambao elimu peke yake isingeufungua. Na hata hivyo mle ndani ya zahanati kazi yake ilikuwa ni ya tabibu: kufunga kidonda, kupima dawa, kutazama kama imefaa, na kubadili ikiwa haikufaa. Kufundisha dini kulikuwa na saa yake. Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, zikachapwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Isidhaniwe kwamba dawa za kitaalamu za siku hizo hazikuwa na makosa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi sana kandokando ya maziwa makuu. Robert Koch, mtaalamu maarufu wa Ujerumani, alikaa katika visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria miaka ya 1906 na 1907, akiwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili, yenye arseniki ndani yake. Wagonjwa wengine walipata nafuu kwa muda, na wengine wakapofuka kabisa. Hilo lilikuwa dhara kubwa, tena lililofanywa kwa watu wasioulizwa sana. Lakini waliopofuka walionekana, wakahesabiwa na kuandikwa. Na dawa hiyo ikaachwa zilipopatikana nyingine zilizo bora. Hapa ndipo ilipo tabia ya dawa, kwamba yaweza kuulizwa swali na kushindwa kulijibu.

Katika miaka hiyo hiyo, Atiman akiwa magharibi mwa nchi, kusini mashariki ilitokea dawa nyingine ambayo haikuulizwa swali hadi ilipokuwa kuchelewa. Huko Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale alisemekana kuwa ameingiwa na pepo aitwaye Hongo. Alianza kuwagawia watu maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Watu walikwenda kwake makundi kwa makundi. Sababu za vita ya mwaka 1905 hazikuwa dawa hiyo. Zilikuwa ni kodi, kazi za kulazimishwa katika mashamba ya pamba, na ukatili wa maakida na wakubwa wao Wajerumani. Dawa ilifanya kazi nyingine, yaani kuwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hapo kwanza hawakuwa na sababu ya kuaminiana. Kwa jambo hilo nguvu yake ilikuwa ya kweli kabisa, na wenye kuandika historia ya taifa hawakukosea kuitukuza.

Lakini dawa hiyo ilibeba ahadi ya mwili vilevile: kwamba risasi itageuka kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za mzinga, na miili ikalala mbele ya boma. Mahali pengine ilielezwa kwamba aliyekufa amevunja mwiko, na kwa hiyo kosa si la dawa. Maelezo ya namna hiyo ndiyo hatari kubwa kupita zote. Dawa ikiponya, yasifiwa. Isipoponya, mgonjwa alaumiwa. Basi hakuna siku itakayoweza kuonekana kuwa haifai. Hadi vita kwisha mwaka 1907, waliokufa, na wengi wao kwa njaa iliyofuatia Wajerumani kuteketeza vyakula, wakadiriwa na wanahistoria kuwa 75,000, na wengine wasema hata zaidi ya 200,000.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 dini na matibabu viliendelea kuwa majirani, kwa sura nyingine. Mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa, ya KCMC huko Moshi na ya Bugando huko Mwanza, ya kwanza kwa juhudi za Walutheri na ya pili kwa juhudi za maaskofu Wakatoliki. Jumuiya ya Ismailia nayo ilikuwa imekwisha kufungua hospitali ya Aga Khan Nairobi mwaka 1958, na Dar es Salaam mwaka 1964. Katika hospitali za namna hii mgonjwa haulizwi dini yake mlangoni. Kasisi huweza kupita wodini na kuomba kando ya kitanda, na daktari hupita akasoma cheti chenye joto la mwili na kipimo cha dawa. Maombi ya kasisi hayaandikwi katika cheti kile, wala cheti hakimzuii kasisi kuomba.

Mwaka 2011 ulionyesha kwamba jambo la zamani lilikuwa halijakwisha. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa na watu Babu, alieleza kwamba Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya mti uitwao mugariga. Mti huo wajulikana kwa Kiswahili kuwa ni mtandamboo. Mgonjwa alilipa shilingi 500, akapewa kikombe kimoja. Ilisemwa kwamba kikombe kile kinaponya kisukari, saratani, shinikizo la damu, pumu na UKIMWI, na kwamba nguvu yake ni ya neno la Mungu, hivyo mti ule ule ukichemshwa na mtu mwingine haufai kitu. Watu walikuja kutoka pande zote za Tanzania, kutoka Kenya na nchi za mbali zaidi. Matajiri, maskini na wakubwa wa serikali walipanga mstari mmoja. Magari yalijipanga kilometa nyingi, na baadhi ya wagonjwa walifariki njiani au katika foleni kabla ya kukifikia kikombe.

Hapa mchunguzi wa lugha hawezi kupita bila ya kusimama. Watu hawakusema dawa ya Loliondo tu. Walisema kikombe, na kwenda kupata kikombe. Kombe la mwalimu wa pwani na kikombe cha mchungaji wa bara vimetokana na shina moja, na tendo lenyewe ni moja: kunywa neno. Lakini ipo tofauti iliyo na uzito. Kombe la pwani kwa desturi yake lilikuwa dua iliyovaa nguo ya dawa, na mgonjwa alikuwa huru kutafuta na mizizi. Kikombe cha Samunge kilikuwa dawa iliyovaa nguo ya dua. Kilitaja maradhi kwa majina yaliyotoka hospitalini, kikaahidi kuyaondoa, na wakati huo huo kikajiweka mahali ambapo hesabu haifiki. Serikali ya Tanzania ilikwisha kuanza kuwapa wagonjwa wa UKIMWI dawa za bure za kupunguza makali tangu mwaka 2004, na dawa hizo hazina budi kunywewa kila siku bila ya kukatiza. Waliorudi kutoka Samunge wakiamini wamepona, baadhi yao waliziacha. Madaktari walionya, lakini ni vigumu kwa onyo kushindana na furaha ya mtu anayejiona amesamehewa kifo. Mchungaji huyo alifariki mwaka 2021. Msongamano wa watu ulikuwa umekwisha miaka mingi kabla ya hapo, bila ya maradhi yale kupungua katika nchi.

Wako wanaosema, kwa sababu ya mambo kama hayo, kwamba imani iondolewe kabisa katika habari za afya. Rai hiyo yasahau Karema. Yasahau pia kwamba mgonjwa huja na hofu, na upweke, na swali la kwa nini limfike yeye. Mambo hayo hayamo katika chupa ya dawa yoyote, na dua ndiyo iliyoyashughulikia tangu kale. Wako na wengine wasemao kwamba kupima dawa iliyotolewa kwa jina la Mungu ni kukosa adabu. Rai hiyo nayo yasahau kwamba dua haina haja ya kupimwa kwa sababu haikuahidi kupunguza sukari katika damu. Ikitoa ahadi hiyo imekwisha kuingia katika nyumba ya dawa, na sharti ifuate sheria za nyumba hiyo: iruhusu waliopona wahesabiwe, na wasiopona wahesabiwe pamoja nao, pasipo mtu kulaumiwa kuwa imani yake ilikuwa haba.

Hiyo ndiyo alama ya kupambanua iliyotajwa mwanzo. Imani iliyomwongoza mgonjwa hadi kwa mwenye kutibu, ikamshika mkono akiwa huko, imewafaa watu wa nchi hizi. Imani iliyomtoa mgonjwa katika matibabu, au kuifanya dawa isiweze kuulizwa, imewaua.

Imebaki kazi ambayo ni ya wanaosoma lugha hasa. Maneno ya maradhi katika lahaja za pwani na katika Kiswahili cha bara hayajakusanywa yote, na wazee wanaoyajua wanapungua. Mgonjwa asemaye kwamba ana mchango, au kwamba ametupiwa jini, anaeleza kitu kilichomo mwilini mwake kwa maneno aliyorithi. Daktari kijana asiyeyajua maneno hayo atamwandikia dawa ya kitu kingine, au atamcheka. Na mgonjwa aliyechekwa haji tena, huenda kwa yule anayemwelewa, awe anaweza kumponya au hawezi. Orodha ya maneno hayo, ikikusanywa kwa uangalifu kijiji kwa kijiji pamoja na maana yake na dalili zinazokusudiwa, ingewafaa wanafunzi wa utabibu kuliko hotuba nyingi za kuwakemea wagonjwa.